Mama Mlezi Peke Yake (3): Japani, Kazi Ipo, Shibe Haipo

Wiki iliyopita tuliishia Uingereza. Tuliona kwamba hadi Novemba 2008 mama anayelea peke yake aliweza kuishi kwa ruzuku ya serikali mpaka mtoto wake wa mwisho atimize miaka 16, na kwamba umri huo ulishushwa hatua kwa hatua: 12, kisha 10, kisha 7, na mwaka 2012 ukawa 5. Wimbo wa wanasiasa wa kule ulikuwa mmoja: mtoeni nyumbani, mpeni kazi, ufukara utamkimbia. Lingekuwa neno la kweli tupu, leo Japani ingekuwa pepo ya masingo maza.

Kule hakuna haja ya kumsukuma mama kazini, keshafika zamani. Utafiti wa serikali wa 2021 ulihesabu kaya za mama na watoto zipatazo 1,195,000, na asilimia 86.3 ya akina mama hao walikuwa kazini. Ni nchi chache tajiri zinazokaribia kiwango hicho. Lakini mwaka huohuo, katika familia zenye watoto na mtu mzima mmoja tu, asilimia 44.5 ya watu waliishi chini ya mstari wa umaskini, yaani kwa chini ya nusu ya kipato cha Mjapani wa kati. Msomaji asidhani mpiga chapa amekosea. Mama anaamka alfajiri, anampeleka mtoto kituo cha malezi, anapanda treni, anarudi giza limeingia, na bado ni maskini.

Wapo watakaosema tatizo ni kulea peke yako, awe mama awe baba. Basi tuwaweke pamoja. Utafiti uleule ulikuta kaya 149,000 hivi za akina baba wanaolea bila mke, na asilimia 88.1 yao walikuwa na kazi. Tofauti hiyo na akina mama ni ndogo mno. Njoo kwenye mapato: kazi ya baba ilimwingizia wastani wa yeni milioni 4.96 kwa mwaka, ya mama yeni milioni 2.36. Wote wanaitwa wafanyakazi, ila mmoja anabeba mshahara, mwingine anabeba nusu yake.

Siri imo ndani ya neno lenyewe, “kazi”. Makampuni makubwa ya Japani yana mlango mkuu, nao hufunguliwa Aprili, kwa vijana wanaotoka vyuoni. Aliyeingia hapo hupata ajira ya kudumu, bonasi, na mshahara unaopanda kadiri miaka inavyokwenda. Kwa muda mrefu ilikuwa desturi mwanamke kuacha kazi akiolewa au akijifungua. Akitaka kurudi, mlango mkuu umefungwa. Anapitia wa uani, unaoitwa paato, kazi ya kulipwa kwa saa: dukani, jikoni, katika nyumba za kutunzia wazee. Mwaka 2021 karibu asilimia 39 ya akina mama walezi wenye kazi walikuwa kwenye paato na vibarua vya aina hiyo. Kwa akina baba haikufika asilimia 5.

Na ujira wa paato haukupangwa kwa kumfikiria mtu anayejilipia kodi ya nyumba. Ulipangwa kwa kumfikiria mke wa mtu. Kwa miaka mingi sheria ya kodi ilimpa nafuu mume ambaye mapato ya mkewe hayazidi yeni milioni 1.03, kwa hiyo wake wengi walihesabu saa zao wasivuke mstari. Mfanyakazi anayeogopa kupata zaidi hadai nyongeza. Mama asiye na mume anasimama kaunta ileile, kwa ujira uleule, ila yeye nyumbani hana mshahara wa pili unaomngoja.

Mwaka wa kuukumbuka ni 1985. Bunge lilipitisha sheria ya fursa sawa za ajira kwa wanawake, likashangiliwa. Mwaka huohuo lilibadili sheria ya pensheni ili mke wa mwajiriwa, ikiwa kipato chake mwenyewe ni kidogo, apate pensheni ya msingi bila kuchangia, na likabana posho ya malezi ya watoto ambayo akina mama waliotalikiwa waliipata tangu mapema miaka ya 1960. Kwa mkono mmoja mwanamke aliambiwa atoke akafanye kazi; kwa mwingine alituzwa akibaki chini ya mwavuli wa mume. Aliyekosa mwavuli ndiye aliyelowa.

Na baba wa watoto? Hapa nitakaa kidogo. Talaka nyingi za Japani, takriban tisa kati ya kumi, hazifiki mbele ya hakimu. Ni fomu moja, mume na mke wanasaini, mashahidi wawili wanasaini, inapelekwa manispaa. Fomu isiyotaja nani atabaki na mamlaka juu ya watoto ilikuwa haivuki kaunta, inakataliwa. Swali la matunzo liliongezwa mwaka 2012, na ukiliacha wazi fomu hupokelewa vilevile. Ndiyo maana mwaka 2021 ni asilimia 28.1 tu ya akina mama hao waliokuwa wakipokea chochote kutoka kwa baba. Mei 2024 Bunge liliirekebisha sheria ya familia, pamoja na kipengele cha matunzo. Sweden, tutakakokwenda wiki ijayo, baba asipolipa serikali humlipa mama kwanza, kisha ikamwandama baba.

Ile posho ya malezi iliyobanwa 1985 bado ipo, na tangu 2010 akina baba nao wanaipata. Hadi 2019 ilitolewa mara tatu tu kwa mwaka. Sasa ni kila baada ya miezi miwili. Kila Agosti mama hupeleka taarifa zake manispaa, na kama ameipokea zaidi ya miaka mitano, huambatanisha uthibitisho kwamba anafanya kazi au anaitafuta, la sivyo inaweza kukatwa hadi nusu. Ofisi za manispaa kwa kawaida hufunguliwa mchana, siku za kazi. Naye analipwa kwa saa.