Afya ya Akili ya Watoto na Vijana: Nafasi ya Kiswahili katika Huduma za Ushauri Nasaha

Afya ya akili ni dhana pana kuliko kutokuwapo kwa ugonjwa. Kwa mtoto, dhana hii hujumuisha uwezo wa kujifunza, kucheza, kuhimili masikitiko ya kawaida, kuishi vyema na jamaa na wenzake, na kuitazamia kesho kwa matumaini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana ugonjwa wa akili unaoweza kutambuliwa kitabibu. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2021 miongoni mwa vijana wa miaka 10 hadi 17 ulibaini kuwa zaidi ya 4 kati ya kila 10 walikuwa wamepitia tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, ilhali takribani asilimia 12 walitimiza vigezo vya kitabibu vya ugonjwa. Pengo lililopo baina ya takwimu hizi mbili lina maana kubwa. Wengi wa vijana hawa si wagonjwa wa kulazwa hospitalini; ni watoto wanaohitaji mtu wa kuzungumza naye mapema kabla mambo hayajaharibika. Kuzungumza nako ni tendo la lugha, na hapo ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapopata sehemu yao katika suala ambalo aghalabu huachiwa madaktari.

Msamiati Uliorithiwa

Kiswahili kilikuwa na maneno ya maradhi ya akili kabla ya hospitali kujengwa. Wazimu, kwa asili, ni wingi wa mzimu, yaani roho ya marehemu. Mwendawazimu basi ni mtu anayeandamana na roho hizo. Majinuni limetokana na Kiarabu na limebeba ndani yake imani ya majini. Hata degedege la watoto wachanga lilihusishwa na dege, ndege mkubwa anayemjia mtoto usiku. Maneno haya yote yanamweka mkosaji nje ya mgonjwa. Si busara kuyadharau kwa pupa, maana yalikuwa na huruma yake: mgonjwa hakulaumiwa kwa uvivu wala kwa udhaifu wa imani, na sherehe ya kupunga pepo katika miji ya pwani iliwakusanya jamaa na majirani wakamzunguka mmoja wao aliyeumia.

Huruma hiyo imepotea, maneno yamebaki. Kichaa, punguani na mwendawazimu ni matusi katika uwanja wa shule, na jina la hospitali ya Mathari jijini Nairobi, ambayo imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1910, limegeuzwa kuwa tusi vilevile. Mtoto wa miaka 13 aliyewahi kumwambia mwenzake kwamba anafaa kupelekwa Mathari hawezi kutarajiwa kukiri siku moja kwamba yeye mwenyewe halali, hali, na haoni faida ya kuamka.

Lililo ajabu ni kwamba lugha hii haina uhaba wa maneno ya hali za katikati, zile zilizo kati ya furaha na wazimu. Kuna huzuni, simanzi, majonzi na jitimai. Kuna kihoro cha aliyefiwa. Kuna wasiwasi, wahaka na fadhaa. Kuna nahau zinazoufanya moyo kuwa makao ya hisia: kuvunjika moyo, kufa moyo. Utajiri huu haujatumiwa ipasavyo katika huduma za afya. Mabango na vijitabu vingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa kwa haraka. Kiingereza humwelezea mwenye huzuni kuwa yuko chini. Tafsiri sisisi humuuliza Mkenya kama anajihisi chini, naye asijue ameulizwa nini.

Istilahi zenyewe hazijatulia. Ugonjwa wa huzuni ya kudumu unaitwa sonona na wataalamu wengi wa Tanzania, unyogovu katika tafsiri kadhaa za kitabibu, na mfadhaiko au msongo wa mawazo katika vyombo vya habari vya Kenya. Tatizo la msongo wa mawazo ni kwamba istilahi hiyo hiyo hutumiwa kwa uchovu wa mtahiniwa wiki moja kabla ya mtihani. Uchovu huo huisha mtihani unapoisha. Sonona haiishi hivyo, na mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana msongo wa mawazo ana kila sababu ya kudhani kuwa likizo itamponya. Kati ya istilahi hizi, sonona ndiyo inayostahili kupendelewa. Kitenzi kusononeka kinajulikana na watu wasiowahi kuingia darasani, kwa hiyo daktari anayelitumia neno hilo hahitaji kulifafanua kwa muda mrefu, na msongo wa mawazo ungeachwa ubebe maana yake nyepesi.

Funzo katika suala hili linapatikana Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alipoanzisha mwaka 2006 mpango wa kuwaketisha wagonjwa kwenye benchi pamoja na mabibi wa mtaa waliofunzwa kusikiliza, mpango wake haukutegemea istilahi za vitabuni. Ulitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo wenyeji walikuwa wakilitumia tayari kuelezea hali hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopata huduma hiyo walipungukiwa na dalili zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Mswahili naye husema ana mawazo, na kila msikilizaji huelewa kwamba si mawazo ya kifalsafa.

Ofisi ya Mwalimu Mshauri

Huduma ya kwanza ambayo mtoto wa Kenya anaweza kuifikia iko shuleni. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza ushauri nasaha uimarishwe shuleni. Mwaka 2001, mwaka ambao wanafunzi 67 waliangamia katika moto wa bweni la shule ya Kyanguli, kiboko kilipigwa marufuku na jopo lililoongozwa na Naomi Wangai likasisitiza tena ushauri nasaha kuwa njia ya kurejesha nidhamu. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo chanzo cha tatizo. Ushauri nasaha uliingizwa shuleni ukiwa mbadala wa kiboko, na katika shule nyingi ungali unatazamwa hivyo: mwanafunzi hutumwa kwa mwalimu mshauri akishakosea. Anayetumwa huko huonekana na wenzake kuwa mkorofi au mgonjwa, na mwalimu mwenyewe ana vipindi vya kufundisha, madaftari ya kusahihisha, na pengine kiti katika kamati ya nidhamu. Ni muhali kwa mtoto kumwaminia siri zake mtu anayeweza kumsimamisha masomo siku ya pili.

Fauka ya hayo, watoto wadogo mara nyingi hawasemi kwamba wana huzuni. Husema kwamba kichwa au tumbo linauma, nao husema kweli, kwa kuwa maumivu hayo huyahisi. Wengine huonyesha hasira, hushuka masomoni ghafla, au huacha mchezo walioupenda. Mwalimu wa lugha ana nafasi ambayo wenzake hawana, kwani yeye ndiye husoma insha. Mtoto anayeandika mara kwa mara juu ya kutoweka, au juu ya nyumba asiyotaka kurudi, huenda anabuni tu. Hata hivyo, kumwita kando na kumuuliza kwa upole hakumgharimu mwalimu chochote.

Nje ya shule kuna simu ya bila malipo ya Childline Kenya, nambari 116, inayopokea taarifa na malalamiko ya watoto saa zote. Shirika la Befrienders Kenya husikiliza watu waliofikia hatua ya kukata tamaa. Kuna pia mpango wa Shamiri, ambao jina lake la Kiswahili limeteuliwa vizuri. Huu huwatumia vijana waliomaliza shule ya upili hivi karibuni kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi kwa vikao 4, wakizungumzia uwezo wa mtu kubadilika, shukrani na maadili anayoyathamini. Jaribio lililohusisha wanafunzi 413 na kuchapishwa mwaka 2021 lilionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi miongoni mwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Huenda siri ya mafanikio hayo ni umri wa viongozi: kaka au dada aliyetoka shuleni majuzi hana fimbo wala faili ya nidhamu.

Sheria nayo imesonga. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali hiyo itangazwe kuwa janga la kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Kisha Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwa miongo mingi kabla ya uamuzi huo, kijana aliyeokolewa angeweza kutoka wodini akaingia mahakamani, na jamaa waliokuwa na hekima walificha jambo lenyewe hata kwa daktari.

Tafsida na Swali la Wazi

Fasihi ya Kiswahili haikulikwepa suala hili. Katika Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi aliwaonyesha vijana wanaokatiza maisha yao, na Chozi la Heri (2017) ya Assumpta Matei inawafuata watoto walioachwa na wazazi mpaka mmoja wao anaangukia mikononi mwa mlanguzi wa dawa za kulevya. Darasani, mara nyingi maswali huishia kwenye maudhui na mbinu za uandishi. Magazeti yana kasoro nyingine: kichwa cha habari ya kifo cha aina hiyo hutaja njia iliyotumika, kwa kuwa Kiswahili kina nahau fupi inayovutia jicho, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wanahabari unashauri njia isitajwe na badala yake msomaji aelezwe anakoweza kupata msaada.

Kasoro ya mwisho, na pengine iliyo kubwa, ni ya adabu. Hojaji ya PHQ-9, ambayo imetafsiriwa kwa Kiswahili, ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, na swali la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa. Mswahili muungwana huona haya kulitamka swali hilo mbele ya mtoto wa watu, akalifunika kwa tafsida: je, umekuwa na mawazo mabaya? Mtoto huelewa kwamba anaulizwa habari za wizi, au za mapenzi, naye hujibu hapana. Jibu hilo huandikwa kwenye fomu. Wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo akilini; wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Mshauri aliyefunzwa humwambia mtoto kwamba watu wengine wakilemewa sana hutamani kufa, humuuliza kama naye amewahi kufikiria kujiua, kisha hunyamaza na kusubiri jibu.