Kiongozi na Daftari Lake

Wako wanafunzi wadhanio kwamba mtu akisha kupewa cheo, hata kama ni ukiranja wa bweni tu, basi habari ya kujifunza imekwisha. Kazi yake sasa ni kuamuru. Wazo hili lina hatari. Kiongozi huamua kwa niaba ya watu wengi, na akiamua kwa elimu iliyochakaa, hasara huwapata wao kabla haijampata yeye.

Natumtazame Mwalimu Julius Nyerere. Alisoma Tabora, kisha Makerere, kisha Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikopata shahada mwaka 1952. Angeweza kusema yatosha. Lakini mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, nchi changa yenye shida nyingi, ilitolewa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, ikiitwa Julius Caezar. Ajaribuye kutafsiri hata ukurasa mmoja ataona kazi ilivyo: kila mstari humlazimu kuchungua neno la kigeni, kisha kutafuta la Kiswahili lililo sawa nalo kwa maana na kwa uzito.

Linalonipendeza zaidi ni lililofuata. Mwaka 1969 kitabu kilitolewa tena, kimesahihishwa, hata jina limegeuzwa kuwa Juliasi Kaizari. Nani angemlaumu Rais kama angekiacha kilivyokuwa? Yeye aliirudia kazi yake mwenyewe, kama mwanafunzi arudiavyo zoezi. Mwaka ule ule ikatoka Mabepari wa Venisi.

Wala hakutaka kujifunza peke yake. Mwaka 1970 ulitangazwa Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wakulima wenye wajukuu wakaketi darasani. Aliacha urais mwaka 1985, lakini kalamu hakuiweka chini. Mwaka 1996 zilitolewa tenzi zake za Injili.

Basi kiranja afanyeje? Hana haja ya kuanza na Shakespeare. Awe na daftari dogo, aandike kila jambo aliloulizwa mchana asijue jibu, na jioni alitafute maktabani au kwa mwalimu. Tena awaulize wadogo wake. Maji yasipofika bwenini, mtoto wa Kidato cha Kwanza aendaye kuchota kila alfajiri ndiye ajuaye bomba linavuja wapi. Kumwuliza hakumwondolei kiranja heshima yake. Afadhali hivyo kuliko kupanga foleni ndefu mbele ya bomba lisilotoa maji.