Muuguzi mwanagenzi, usinyamaze

KILA mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, vijana hufunga masanduku yao na kuripoti katika matawi ya chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kote nchini. Wengi wao huenda kusomea uuguzi. Wamejiandaa kwa vitabu, sare na karo. Ni wachache waliojiandaa kwa harufu ya kidonda, kwa kuzirai mbele za watu, kwa kudungwa na sindano iliyotumika au kwa kuiosha maiti ya kwanza maishani. Hayo ndiyo huifanya miezi ya mwanzo kuwa migumu, na ndiyo nitakayokueleza leo, iwe ni wewe unayekwenda chuoni au ni mwanao.

Nitamchukua msichana wa Biliqo kuwa mfano wangu. Biliqo iko Merti, kaunti ya Isiolo, nchi ya wafugaji wa Kiborana karibu na mto Ewaso Nyiro. Ikiwa wewe ni wa huko, huenda ulilelewa kwamba mtu haliilii akiumia, na kwamba mdogo hamkatizi mkubwa maneno. Malezi hayo ni mema na mimi nayapenda. Lakini ukiyaingiza wodini jinsi yalivyo, yatakudhuru wewe na kumdhuru mgonjwa wako.

Sababu ni hii. Katika zahanati nyingi za mashambani nchini Kenya, muuguzi ndiye daktari, ndiye mkunga na ndiye mtoaji dawa. Ukihitimu, huenda ukapelekwa kituo kama hicho. Usiku mmoja mama aliyejifungua ataanza kuvuja damu nawe utakuwa peke yako. Hospitali kubwa iko Isiolo mjini, safari ndefu ya barabara ya vumbi, na mvua ikinyesha laga hujaa maji. Mama anayevuja damu namna hiyo anaweza kufa kwa saa chache. Muuguzi aliyezoea kuficha asilolijua atachelewa kupiga simu. Aliyezoea kusema "hapa nimekwama, nisaidie" atapiga mapema. Mazoea hayo hujengwa katika majuma ya kwanza chuoni, wala hayaji yenyewe siku ya kupewa cheti.

Tuanze na kuzirai, kwa kuwa ndiko kunakowaaibisha wengi. Bandeji inafunguliwa, usaha unanuka, chumba kina joto, nawe umesimama wima kama askari wa gwaride tangu saa moja asubuhi bila kutia kitu tumboni. Mara unapiga miayo, jasho baridi linakutoka, masikio yanavuma na macho yanaingia kiza. Kilichotokea ni kwamba neva moja ndefu itokayo kwenye ubongo imepunguza mwendo wa moyo wako, na mishipa ya damu imelegea. Damu inashuka miguuni, ubongo unapungukiwa. Hiyo si ishara ya woga, wala si ushahidi kwamba ulikosea kuchagua kazi. Wako madaktari wapasuaji hodari waliopatwa na hali hiyo walipokuwa wanafunzi.

Ukiona dalili hizo, sogea mbali na kitanda cha mgonjwa, mwambie aliye karibu nawe, kisha keti chini, au afadhali ulale na miguu iinuliwe. Kama huwezi kuondoka mara moja, pishanisha miguu, kaza misuli ya mapaja na makalio na ukunje ngumi. Hilo husukuma damu kurudi juu. Anayejikaza kimya ndiye anayeangukia trei ya vifaa, au kidonda chenyewe. Ukipata nafuu, rudi siku hiyo hiyo ukaangalie kidonda kile kile, kwa maana mwili huzoea kwa kurudia. Kula kabla ya zamu. Wakati wa Ramadhani usiache daku, na unywe maji ya kutosha usiku. Lakini ukizirai ukiwa unakimbia, au moyo ukienda mbio kabla ya kuanguka, au ikiwa katika ukoo wenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana, muone daktari apime moyo. Hali kadhalika, pimwa damu ikiwa unachoka ovyo na hedhi yako ni nzito. Upungufu wa damu haumalizwi kwa kujikaza.

Hatari iliyo kubwa kuliko kuzirai ni sindano. Mwanafunzi huwa na mikono isiyozoea, na mara nyingi anaharakishwa. Usiirudishie sindano iliyotumika kifuniko chake. Itupe papo hapo katika sanduku la vitu vyenye ncha. Ukidungwa, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue damu, usipake dawa ya kuondoa madoa ya nguo. Kisha toa ripoti, saa hiyo hiyo.

Ninasisitiza neno ripoti kwa sababu hapo ndipo wengi hunyamaza, wakiogopa kuambiwa ni wazembe. Hesabu yenyewe ni hii. Ukidungwa na sindano yenye damu ya mtu aliye na virusi vya Ukimwi, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban watu 3 katika kila 1,000. Si mkubwa, lakini upo, na dawa za kuuzuia, ziitwazo PEP, zipo. Zinapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 72 kupita, kisha zimezwe kwa siku 28. Mwanafunzi anayetafakari siku nne kama aseme au asiseme amekwisha kuipoteza nafasi hiyo. Homa ya ini aina ya B ni kali zaidi: kwa mtu asiyechanjwa, sindano moja inaweza kumwambukiza mara nyingi zaidi kuliko Ukimwi, pengine hadi watu 30 katika kila 100. Chanjo yake hutolewa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Kwa hiyo anza kabla ya kuripoti chuoni. Usingoje hadi siku utakayopelekwa wodini.

Kuhusu masomo nitasema machache. Anatomia humtisha kila mtu kwa majina yake, lakini mengi ni Kigiriki na Kilatini, na ukijua mizizi michache umeokoa kazi ya wiki nzima: hepar ni ini, nephros ni figo, kardia ni moyo. Na mtoto wa wafugaji ana elimu asiyojua kwamba anayo. Umemwona mbuzi akichunwa mara ngapi? Moyo wake una vyumba vinne kama wako. Ini, figo, wengu, mapafu, yote umeyashika kwa mikono. Tumbo peke yake ndilo lisikudanganye, kwani la mbuzi lina sehemu nne na letu ni moja. Wapo wenzako wa mjini ambao hawajawahi kuiona figo ila kwenye picha. Keti nao, wewe uwaonyeshe hilo, wao wakuonyeshe kompyuta.

Lugha nayo ni mali. Wodi ya Isiolo ina Waborana, Wameru, Waturkana, Wasamburu na Wasomali. Daktari anayezungumza Kiswahili na Kiingereza tu anaweza kumhudumia mzee wa Kiborana kwa dakika 20 bila kujua kinachomuuma. Wewe unaweza kujua kwa dakika mbili. Sema kwamba unaijua lugha hiyo, hata kama wewe ndiye mdogo kuliko wote waliosimama pale. Ukitafsiri, tafsiri yote aliyosema mgonjwa, hata lile unaloona haya kulitamka mbele ya daktari mwanamume.

Na haya zitakuwapo. Utaambiwa umwogeshe mwanamume aliye sawa na babako. Vuta pazia kwanza. Mweleze unachotaka kufanya na umwombe ruhusa. Anza na uso na mikono, ufunue sehemu moja tu kwa wakati, na akiweza kujiosha sehemu za siri mpe kitambaa ajioshe mwenyewe. Mara za kwanza omba uandamane na muuguzi mwanamume. Ikiwa unavaa hijabu, zungumza na mwalimu wako mapema kuhusu mikono ya nguo, kwa maana ni lazima mikono ioshwe vizuri hadi juu ya kifundo kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa. Hilo huzungumzwa siku ya kwanza ofisini, si siku ya ukaguzi mbele ya darasa.

Sasa niseme neno kuhusu kukaripiwa. Florence Nightingale alipoanzisha shule yake ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' mjini London mwaka wa 1860, wanafunzi waliokuwa kwenye majaribio walipewa alama za tabia kila mwezi. Walipimwa kwa kufika kwa wakati, kwa unadhifu, kwa uaminifu, na kwa ukimya. Shule hiyo ilikuwa na faida kubwa kwa ulimwengu, lakini nadhani alama ile ya ukimya imedumu kupita kiasi. Nimewahi kuona wodi ambamo mwanafunzi aliyeuliza swali aliambiwa mbele ya wagonjwa kwamba hafai kitu. Siku iliyofuata hakuuliza, wala hakuuliza mwingine yeyote. Muuguzi mkuu anayefanya hivyo hamfunzi mtu nidhamu. Anajinyima macho ya watu wanaokaa karibu na mgonjwa kuliko yeye.

Wewe uliyekaripiwa, tenganisha kosa na matusi. Kosa liandike katika daftari na ulirekebishe. Matusi yapeleke kwa mwalimu wako, faraghani, ukitaja siku na maneno. Na kipimo chochote usichokuwa na hakika nacho usikijaze kwenye chati ili kumfurahisha mtu. Ukishindwa kusikia shinikizo la damu, sema hukusikia. Namba ya kubuni inaweza kumfanya daktari atoe dawa ambayo haikustahili kutolewa.

Kifo cha kwanza kitakuja, pengine kabla ya mwezi wa tatu. Nyumbani umezoea maiti kuzikwa upesi, watu wakiwa wamejaa boma. Hospitalini ni pazia, shuka, kitambulisho na safari ya mochari, kisha kitanda kinatandikwa kwa ajili ya mwingine. Wengi hushtushwa na kile kitanda kuliko maiti yenyewe. Zungumza na mwenzako usiku huo huo. Kulia si kosa. Ikiwa wiki mbili zimepita nawe hulali, huli, huoni raha ya lolote, au unafikiri kwamba ni afadhali usiwepo, huo ni ugonjwa na unatibika. Nenda kwa mshauri wa chuo au kliniki bila kungoja wiki ya tatu.

Nawe mzazi, au wewe mjomba unayekaa Nairobi ambaye jina lake limeandikwa kwenye fomu, simu zako za Jumapili hazitoshi ukiuliza tu "masomo yaendeleaje?" Utajibiwa "mazuri" kila mara. Mtoto aliyeona mifugo ya nyumbani ikifa katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2022 anajua kilichouzwa ili alipiwe karo, na atalala njaa kabla hajakuomba senti. Muulize alikula nini jana. Muulize amedungwa sindano ngapi za chanjo na lini ni ya mwisho. Muulize ni mgonjwa yupi anayemfikiria. Mkumbushe kwamba mwanafunzi wa KMTC anaweza kuomba mkopo wa HELB, na umsaidie kujaza fomu.

Kama unataka kumpa zawadi kabla ya safari, usimnunulie begi kubwa. Mnunulie viatu vyeusi vya kufunika vidole, visivyo na kisigino, vyenye soli ya mpira isiyoteleza, vipana kidogo kwa kuwa miguu huvimba baada ya saa nane za kusimama. Na saa yenye mshale wa sekunde. Ya bei nafuu inatosha. Mapigo ya moyo huhesabiwa kwa dakika nzima.