Kimanda cha Mboga za Bustani



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo la jikoni. Huenda mtastaajabu kuona mwalimu wa madrasa ameacha tajwidi na fiqhi akashika kikaango. Lakini Sura ya Abasa yamtaka mwanadamu akitafakari chakula chake, ikataja mvua, nafaka, mizabibu, mizaituni, mitende na mabustani. Basi mwalimu aisomeshaye sura hiyo miaka na miaka, wala asijue wanafunzi wake wamekula nini, ameifundisha kwa ulimi tu. Nasi tulikuwa hivyo.

Hapa kwetu Hasamba, katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, ardhi ina rutuba. Kahawa, mahindi na maharagwe hustawi, na nyuma ya nyumba nyingi pana kijibustani cha mboga, na kuku wanazunguka uani. Ilhali uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa mkoa huu walio chini ya miaka 5, zaidi ya 40 walikuwa wamedumaa; na ule wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wangali zaidi ya 30. Kudumaa ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe pungufu na maradhi ya mara kwa mara, na akili yake nayo huweza kuchelewa. Mtoto wa namna hii huenda ameshiba ugali, lakini mwili wake haukupata cha kujijengea.

Mwezi wa Juni 2024, baridi ikiwa kali, kijana mmoja wa miaka 9 alikuwa akisinzia kila tuanzapo darasa la jioni. Tulimkaripia. Siku ya tatu tukamsimamisha nje ya mlango mpaka wenzake wamalize. Aliporudi ndani alikuwa akitetemeka, akasema kwa adabu, "Nisamehe, Maalim."

Jioni ile tulikwenda kwao kumshitaki. Mama yake alitukaribisha vizuri, akatuambia kwamba mtoto alikula ugali na majani ya maboga ya kuchemsha, kama kila siku. Kando ya mlango palikuwa na kikapu chenye mayai 12.

Tukamwuliza, "Na haya, mama?"

"Hayo ni ya kuuza Vwawa, Maalim. Ndiyo sabuni, ndiyo chumvi. Tena hayo ndiyo ada yako ya madrasa."

Bibi wa mtoto akadakia toka jikoni, kwamba mtoto akizoea mayai hujifunza udokozi.

Neno la bibi twaweza kulijibu, lakini la mama lilitunyamazisha. Kumbe sisi ndio tuliokuwa tukila mayai ya kijana yule, kisha tukamwadhibu kwa kusinzia!

Tulirudi nyumbani tukashauriana na mama watoto, ambaye ni mzaliwa wa pwani. Akasema, yai likikaangwa peke yake hulishibisha jino moja, lakini likichanganywa na mboga hulisha nyumba. Alhamisi iliyofuata, madrasa ikiwa imefungwa, aliwaalika mama wa wanafunzi, kila mmoja aje na yai moja na fungu la mboga.

Chakula chenyewe ni kimanda kinene cha mboga. Duniani si kigeni: Waitaliani hukiita frittata, Waarabu wana ijja, na Waajemi wana cha majani mabichi ambacho, ajabu, hukiita kuku!

Kwa watu 6, twaa mayai 6, viazi mviringo 2, kitunguu 1, karoti 1, nyanya 1, fungu la mchicha au majani ya maboga, chumvi nusu kijiko cha chai, na mafuta ya alizeti vijiko 3 vya chakula.

Kwanza yatie mayai majini. Linaloelea limekaa mno, liache. Vunja kila yai peke yake katika kikombe, kwani la kuku wa kienyeji huenda limekwisha atamiwa, na moja bovu huharibu yote. Chemsha viazi, uvikate vipande vyembamba. Majani uyaoshe, uyakate, uyachemshe kidogo, kisha uyakamue sana, kwa sababu maji yakibaki kimanda hakishikani. Nyanya nayo itoe mbegu. Kaanga kitunguu na karoti mpaka vilainike, utie viazi, nyanya na majani, ueneze sawasawa. Sema Bismillahi, piga mayai na chumvi, umimine juu. Punguza moto wa chini, funika, na upalie makaa juu ya mfuniko, kama watu wa pwani wafanyavyo kwa mkate wa kumimina. Baada ya dakika 10 hivi choma katikati kwa kisu. Kikitoka kikavu, kimeiva. Kisiliwe kibichi ndani, maana yai bichi huweza kuleta maradhi ya tumbo.

Yai moja lina yapata gramu 6 za protini, ambayo hujenga mwili. Kadhalika mafuta ya kiini na ya kukaangia huusaidia mwili kupokea vitamini A itokayo katika karoti na majani. Majani yaliyochemshwa tu hayatoi faida hiyo kwa kadiri ile ile.

Bibi yule alikula kipande, akanyosha mkono kuchukua cha pili, akasema, "Leo mdokozi ni mimi." Wote wakacheka.

Ama ada, tuliwaambia wazazi kwamba katika kila mayai 5, 2 yabaki nyumbani kwanza, na ada ingoje fedha za mahindi au kahawa. Hatusemi kwamba jambo hili halikutuuma. Miezi miwili tulikopa sukari dukani. Na kijana tulimwomba radhi mbele ya wenzake, kwani mbele yao ndipo tulipomwaibisha. Hakugeuka kuwa hodari kupita wote, wala hatudai kuwa kimanda ni dawa. Lakini hasinzii tena, na Juzuu ya Amma ameimaliza.

Mtume wetu s.a.w. alimfundisha mtoto Umar bin Abi Salama adabu za kula wakiwa pamoja katika sahani. Alimwona mtoto mkono wake ulipokwenda kwa kuwa alikuwa akila naye. Basi enyi akina baba, kaeni na watoto wenu mtazame sahani ina nini. Nasi walimu, kabla hatujanyanyua fimbo, yatupasa tuulize: mwanangu, umekula nini?

Wassalaam.