Seva Inapokaa Kimya

Andika ng’ombe kwenye Word, hifadhi kwa usimbaji wa UTF-8, pandisha faili mtandaoni, na huenda msomaji akaona ngâ€™ombe. Simu yake ni nzima. Ritifaa iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe, katika UTF-8 ni baiti tatu: 226, 128 na 153. Kivinjari kinachodhani kinasoma Windows-1252, usimbaji wa zamani, huzisoma moja moja: 226 ni â, 128 ni alama ya yuro, 153 ni alama ya biashara.

Natunza seva ya jarida dogo la habari za Kiswahili na hadithi za Kikuyu, na naona Kiswahili hutulaza usingizi. Herufi zake zote zimo katika ASCII, jedwali la alama 128 lililoundwa Marekani miaka ya 1960, kwa hiyo kasoro ya seva inaweza kujificha muda mrefu. Kikuyu huifichua katika mstari wa kwanza: Gĩkũyũ huwa GÄ©kÅ©yÅ©. Hilo huniuma. Mtu aliyetunza lugha yake kwenye daftari miaka yote hastahili kuikuta imevurugwa hivyo.

UTF-8, waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, inatosha kwa herufi zetu zote. Lakini kuhifadhi faili kwa UTF-8 ni nusu ya kazi, kwa kuwa baiti hazisemi zinasomwaje. Ukurasa wa HTML hujieleza kwa tamko la meta charset, likiwa ndani ya baiti 1024 za mwanzo. Faili la .txt halina pa kuweka tamko kama hilo, na hadithi zetu nyingi za zamani ni za .txt. Seva ndiyo ilisemee, katika maelezo yanayotangulia jibu:

Content-Type: text/plain; charset=utf-8

Kwenye seva ya nginx andika charset utf-8; na kwenye seva ya Apache, AddDefaultCharset UTF-8. Usipoandika, zote mbili kwa kawaida hunyamaza, na kivinjari hukisia. Agizo hilo la Apache huishia kwenye text/plain na text/html. Aina nyingine zinahitaji AddCharset.

Seva inayotamka vibaya ni mbaya kuliko iliyonyamaza. Ikisema ISO-8859-1, usimbaji mwingine wa zamani, huku ukurasa ukisema UTF-8, kivinjari hufuata seva, na ukurasa ulioandikwa sawasawa huharibika machoni pa msomaji.

Kwa hiyo ukiona vurugu, usiguse faili kwanza. Endesha amri ya curl -I pamoja na anwani yake, usome mstari wa Content-Type. Wapo wanaonakili GÄ©kÅ©yÅ© kutoka kwenye skrini na kuihifadhi upya kwa UTF-8. Hapo uharibifu umeingia ndani ya faili lenyewe, na hata seva ikitamka sawasawa itapeleka vurugu ileile.