Kumwuguza Mtoto Mwenye Selimundu

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya ugonjwa mmoja wa damu uliowaliza wazazi wengi katika nchi zetu, tena umevunja nyumba zisizostahili kuvunjika. Jina lake ni selimundu, na wengine huuita sikoseli. Hauambukizwi kwa kugusana wala kwa kula chombo kimoja, wala hauletwi na mchawi. Mtoto huzaliwa nao.

Asili yake ni hii. Damu ya mtu ina chembe nyekundu, za mviringo na laini, zichukuazo hewa safi toka mapafuni hata viungo vyote. Lakini chembe za mwenye selimundu hupinda mfano wa mundu wa kuvunia, zikawa ngumu. Chembe nzima huishi siku 120 hivi. Zilizopinda hufa baada ya siku 10 hata 20. Kwa hiyo mtoto hupungukiwa damu, na macho yake huwa ya manjano. Tena chembe hizo huziba mishipa midogo, na mahali palipokosa hewa ndipo maumivu makali yaanzapo. Mara nyingi dalili ya kwanza huonekana mtoto akiisha kupita miezi sita: vidole vya mikono na miguu huvimba, naye hulia akiguswa.

Mtoto hawi mgonjwa ila amerithi ugonjwa huu kwa baba na kwa mama pia. Mzazi aliye na sehemu moja tu ya urithi huwa mzima wa mwili, na pengine hajui kabisa kwamba anayo. Wawili wa namna hiyo wakioana, kwa kila mimba yawezekana mara 1 katika 4 mtoto awe mgonjwa. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye sehemu moja hukingwa kwa kiasi na malaria. Ndiyo sababu urithi huu umeenea sana penye malaria nyingi.

Basi mume amfukuzaye mkewe kwa kuwa amezaa watoto wagonjwa, amfukuza kwa jambo ambalo nusu yake imetoka kwake mwenyewe. Na jamaa waendao kwa mganga kutafuta nani aliyeroga, wapoteza mali yao na siku za mtoto. Tukumbuke wanafunzi walipomwuliza Bwana habari za yule aliyezaliwa kipofu, kwamba ni nani aliyetenda dhambi: Bwana hakumlaumu yeye wala wazazi wake. Nasi tusilaumu.

Kazi ya kuuguza huanza nyumbani kabla maumivu hayajaja. Mtoto na anywe maji mengi kila siku, hata asipoona kiu, maana damu iliyopungukiwa maji huziba upesi. Avikwe nguo za joto wakati wa baridi na mvua, wala asiogeshwe maji ya baridi. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Maana ijapokuwa mwenye sehemu moja hukingwa, aliye mgonjwa malaria humdhuru vibaya. Apewe vidonge vya foliki asidi, na kama yu mdogo, penisilini, kama daktari alivyoagiza, pasipo kuruka siku. Naye mama amwombe muuguzi amfundishe kupapasa wengu chini ya mbavu za kushoto, apate kujua ukivimba.

Maumivu yajapo, mlaze mtoto mahali penye joto, mpe maji na dawa ya maumivu aliyoagizwa, kisha kanda mahali paumapo kwa kitambaa chenye joto kisichounguza. Usitie barafu, usimchanje chale, usimwumike. Kaa naye, useme naye kwa upole, kwa kuwa hofu huzidisha maumivu.

Lakini ziko dalili zisizongoja asubuhi. Homa ikifika digrii 38, au akipumua kwa shida, au kifua kikimwuma, au akilegea upande mmoja wa mwili, au midomo na viganja vikipauka ghafula na tumbo kuvimba, mpelekeni hospitali saa ile ile, usiku au mchana.

Nanyi walimu, twawasihi. Mtoto huyu akiomba maji au ruhusa ya kutoka mara kwa mara, mpeni. Asipigwe kwa kuwa alikosa siku tatu, wala asiitwe mvivu kwa kuwa hakuweza kukimbia. Mwacheni ajifunze, akili yake si lazima iwe dhaifu kwa kuwa mwili ni dhaifu.

Tena lipo tumaini. Dawa iitwayo haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na habari zake zikatangazwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Hutolewa na daktari, naye huipima damu mara kwa mara. Na vijana wanaotaka kuoana waweza kupimwa damu kwanza, wakajua mapema yaliyo mbele yao.

Basi wazazi, mkiwa na mtoto wa namna hii, msimfiche. Mpelekeni kliniki, mwuguzeni kwa saburi, mkamwombee. Nasi jirani na tuchukue sehemu ya mzigo: tumtekee mama yake maji, tukeshe naye usiku mmoja, apate kulala.