Tweed

Tweed ni kitambaa kizito cha sufu chenye asili ya Uskoti. Mara nyingi nyuzi zake hufumwa kwa mshazari.

Waskoti walikiita tweel, kutokana na ufumaji huo. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1830 mfanyabiashara wa London alisoma vibaya neno hilo katika barua, akadhani ni Tweed, mto wa Uskoti unaopita katika eneo la wafumaji. Jina likabaki.

Aina mojawapo, Harris Tweed, inalindwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1993. Sufu yake lazima itiwe rangi na kusokotwa katika visiwa vya Outer Hebrides, kisha ifumwe kwa mkono na wakazi nyumbani kwao. Kitambaa cha kwingine, hata kikifanana nacho, hakiruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo.